Stendi ya ukutani ya mipira na vifaa vya michezo, fundi wa Buzuruga: nimekaa nayo miezi minne

Nyumbani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, korido ndo stoo ya timu. Nafundisha mpira wa pete mabinti wa mtaani kwetu, mazoezi jumanne, alhamisi na jumamosi, na vifaa vyote vinalala kwangu maana uwanja tunaotumia hauna hata chumba cha kufunga kufuli. Afu kijana wangu yeye ni wa futiboli, kwa hiyo ukijumlisha ni mipira mitatu ya pete, miwili ya miguu, njumu, shingadi za kukinga miguu, koni, bibu (zile vesti za kuvaa juu ya jezi), pampu, filimbi, nyavu za magoli, vyote vilikuwa vinakaa kwenye kiroba kimoja kikubwa chini sakafuni. Mvua za mwisho wa mwaka jana maji yakapenya chini ya mlango wa nyuma, sisi wa mlimani tunajua maji yanavyoshuka kwenye mawe, kiroba kikalala kwenye maji usiku kucha na mi sina habari. Asubuhi nafungua, bibu zimeshaanza harufu, njumu moja soli imeachia mbele kama mdomo wa samaki, na neti ya goli moja panya alishaipitia siku nyingi, imebaki nyuzi nyuzi. Nilikaa pale chini nikalia kwa kweli. Vile vitu tumevichangia elfu mbili mbili na wazazi wa wale watoto, wengine wanauza dagaa Mwaloni, elfu mbili kwao sio hela ndogo.

Ndo nikaamua vifaa vipande ukutani.

Nilianza na zile ndoano za plastiki za kubandika kwa gundi. Hazikumaliza wiki, rangi ya ukuta wenyewe ndo ilibanduka ikaja nazo. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba stendi ya nondo, akaniambia elfu 150, na mi niliona chuma kwenye korido yenye unyevu kitanipa kutu kwenye jezi, nikaachana nayo. Ikabaki mbao.

Sasa hapa niwaeleze kuhusu fundi wa kwanza, ambae simtaji na wala sio huyu ninaemsifia, maana kosa lake ndo lilinifundisha nini cha kuangalia. Nilimwambia nataka shelfu ya mipira mitano. Akachukua ubao wa inchi moja kwa nane, akatoboa matundu matano ya duara katikati ya ubao, akapiga vanishi, akafunga ukutani, nikalipa elfu 35. Kwa macho kilikuwa kizuri kweli. Naweka mpira, haukai. Nausukuma, unakuja mbele. Nikadhani matundu madogo, kumbe sio. Fikiria hivi, mpira namba 5 mzunguko wake ni sentimita 68 mpaka 70, ukigawa kwa 3.14 unapata upana wa sentimita 22 na kitu, kwa hiyo kutoka katikati ya mpira mpaka ubavuni ni 11. Wa pete namba 5 nao ni hivo hivo, mzunguko 69 mpaka 71. Ubao wa inchi nane ni sentimita 20, na ukishapigwa randa unapungua hata hapo, sasa tundu likiwa katikati ya ubao maana yake kati ya tundu iko kama sentimita 10 tu toka ukutani. Mpira unataka 11 na zaidi, we umeupa 10. Ukuta unausukuma mbele, mpira unaegemea ukingo wa tundu, mtu akibamiza mlango wa sebuleni mpira chini. Juu ya hapo, tundu la sentimita 15 kwenye ubao wa 19 linaacha sentimita mbili mbili kila upande, siku binti mmoja ameegemea pale akifunga kamba za viatu ubao ukapasuka kufuata nyuzi zake, kraa, mpaka mwisho. Yule fundi hakuwahi kuuona mpira wangu. Hakuomba kuuona, na mi sikujua kama anatakiwa auone.

Huyu wa Buzuruga nilimpata kupitia jirani yangu, alimtengenezea kabati la jikoni na milango yake mpaka leo inafunga bila kukwaruza. Karakana yake iko ndani ndani kidogo ukitokea stendi ya mabasi, ya bati, sakafu yote maranda, ni mtu mzima, ana vijana wawili anaowafundisha. Nikamkuta anapiga randa mguu wa meza. Shikamoo fundi, marahaba mayu (ndo mama kwa Kisukuma), karibu ukae, akanifutia kigoda kwa kiganja. Nikamweleza shida yangu yote mpaka la matundu. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata, afu akauliza swali moja tu: "Mipira yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia iko nyumbani. Akasema basi kalete, na njumu lete, na kila kitu unachotaka kutundika lete, nisipoviona nitakutengenezea stendi ya mipira ya kichwani kwangu. Kesho yake nikapanda daladala ya kwenda Igoma na kiroba changu, konda ananiuliza mama timu nzima hii nauli ya nani, nikashuka Buzuruga na kiroba mgongoni.

Hapa ndo nataka nielezee taratibu maana nilisimama pale kama masaa mawili na sijutii hata dakika moja. Aliweka papi mbili, yaani vile vipande vyembamba vya mbao, za inchi mbili kwa mbili juu ya meza yake, sambamba, akaweka mpira juu, afu akaanza kuzitanua kidogo kidogo, kila akitanua anapiga meza ngumi anaangalia mpira unavyotikisika. Zikiwa zimeachana sentimita 10 mpira unacheza, ukipigwa ngumi nzito unaruka. Kwenye 14 umetulia, umezama kati ya papi kama sentimita mbili na nusu hivi, unapiga meza unatikisika unarudi mahali pake. Akatanua mpaka 18, umezama zaidi, mi nikasema si ndo bora hapo, hauwezi kudondoka. Akachukua mpira mwingine, akauliza sindano iko wapi, akaupunguza upepo mpaka ukawa laini, akauweka kwenye 18. Ukaanza kuzama wenyewe taratibu, akaubonyeza kidogo ukapenya ukaanguka miguuni kwangu. Akasema mipira ya watoto kuna siku inakaa bila upepo, stendi inatakiwa iubebe hata siku hio. Akarudisha 14 akapiga mstari wa penseli.

Afu akaniuliza mwakani mkinunua wa kikapu je? Nikasema hatuna mpango huo ila huwezi jua. Wa kikapu namba 7 ni mkubwa, mzunguko wake 75 mpaka 78, upana sentimita 24 na kitu, kwa hiyo kutoka kati mpaka ubavuni ni 12 na ushee. Akaweka katikati ya papi zake mbili iwe sentimita 12 na nusu toka ubao wa nyuma. Sentimita moja na nusu ya ziada tu lakini ndo tofauti ya mtu anaefikiria na mtu anaekata mbao. Nilikuja kuujaribu mpira wa kikapu wa mtoto wa jirani juzi juzi, umekaa vizuri kabisa.

Urefu wa stendi ni sentimita 120, maana ukuta wangu kati ya mlango wa chumbani na wa choo ni 135. Mipira mitano ukiipa 24 kila mmoja inajaa humo kamili, na kila mwisho ameweka kizuizi ili isitembee ikatoka. Kingo za ndani za papi kazizungusha kwa randa na msasa, hakuna kona kali inayokata mpira, pitisha kidole uone.

Chini ya mipira ndo kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Alikuta bibu za pete kwenye kiroba akaanza kuzisoma, GS, GA, WA, C, WD, GD, GK, akaniuliza hizi herufi ni nini, nikamweleza kwamba ni nafasi saba za wachezaji, kila mmoja anavaa yake na kila mmoja ana eneo lake uwanjani haruhusiwi kutoka, ndo maana ikipotea moja mechi haianzi mpaka ipatikane. Akanyamaza kidogo. Siku nakuja kuangalia kazi nikakuta ubao wa chini una vijiti saba, vimeachana sentimita 16, na juu ya kila kijiti ameandika herufi kwa kuchoma na msumari wa moto, G na S zimepinda kidogo kwa sababu ndo alianza nazo, kufika GK mkono ulishazoea. Nina seti mbili za bibu, kila kijiti kinabeba mbili, nyekundu na ya bluu. Saivi nikipita koridoni usiku naangalia tu, kijiti cha WD kina moja, najua kuna binti kaenda nayo nyumbani, nampigia mama yake kabla hajalala. Hicho kitu hakikuwa kwenye makubaliano na hakuniongezea hata mia.

Vijiti vyenyewe ni mipini ya mafagio ya mikaratusi, kakata kakata, na havijakaa bapa, vimeelekea juu kidogo ili kitu kisiteleze. Vimeingizwa kwenye ubao kwa tundu na gundi, havijapigiliwa msumari kwa nyuma, na akaniambia kijiti kikivunjika nikikate kwenye usawa wa ubao, nitoboe hapo hapo, niingize kingine. Pembeni kabisa kuna vijiti viwili vinene vya nyavu na kamba ya filimbi. Na kuna kitundu kidogo ambacho usipoambiwa hukioni, kwenye unene wa mkono wa stendi, kinaingia sindano ya pampu. Nimenunua sindano sijui ngapi maishani mwangu, kila siku ya mechi inatafutwa nyumba nzima, tangu machi hio moja iko pale pale. (Na kabla ya kuichoma kwenye mpira ilowesheni jamani, mate au maji kidogo, ukiingiza kavu unaua ile valvu na mpira unaanza kuvuja polepole mnasingizia kiwanda.)

Njumu zina sehemu yake chini kabisa, papi tatu zimelala kwa mteremko zina nafasi katikati, udongo ukikauka unadondoka wenyewe kwenye kipande cha bati alichokikunja kama sinia, unachomoa unamwaga nje. Hapo naona angeacha nafasi kubwa zaidi kati ya papi, vumbi linapita ila udongo wa mfinyanzi ule wa masika unaganda pale katikati na inabidi uchokonoe na kijiti.

Kuhusu mbao. Mi nilienda na mawazo ya mninga kwa sababu nimekua nikisikia mninga ndo mbao. Akanikatalia, akasema mninga ni mzuri, mchwa hawaupendi, ila ni mzito na bei yake wewe unataka stendi sio kitanda cha harusi, kamata paina iliyokauka. Neno aliloliwekea mkazo ni kukauka. Tulienda wote sehemu ya mbao, akawa anainua ubao mmoja mmoja mkono mmoja, anauweka jichoni anaangalia kama umepinda, anaugonga kwa kiungo cha kidole. Mbao mbichi ni nzito na ukiigonga inalia kama umegonga kiazi, ukiitengenezea stendi leo, inaendelea kukauka ukutani kwako, inasinyaa, inajikunja, vijiti vinalegea. Tulikataa mbao kama kumi kupata nne. Zenye macho makubwa, yale mafundo ya matawi, alikataa kwa ajili ya papi za mipira, akasema pale kwenye jicho ndo inapovunjikia, ila kwa ubao wa nyuma macho hayana shida. Muuzaji akataka kutupa zile za kijani zilizotiwa dawa, anasema hizi hata mchwa wakija wanakufa, fundi akasema dawa hio ni ya kenchi za paa huko juu, ndani ya nyumba kwenye vitu wanavyoshika watoto na mbao ninayotaka kuipiga msasa siiweki. Nilipenda sana alivyosimamia hapo maana bei ilikuwa ile ile.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sio MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa, zipo mjini zimenyooka na zina rangi tayari. Kwa chumbani pakavu sawa. Kwa korido inayopokea jezi mbichi na taulo, MDF na chipubodi zikinywa maji kwenye ukingo zinavimba kama mkate kwenye chai na skrubu haishiki tena. Usihangaike.

Ufungaji nao una habari yake. Mi ni mpangaji, mwenye nyumba wangu ni mama mzuri ila kwenye kuta zake hana utani, ilibidi nimwombe kwanza akaniambia matundu yasizidi manne. Nikamwambia fundi, nikidhani atasema haiwezekani. Akachukua ubao mmoja, akaupasua katikati kwa urefu, ila msumeno ameulaza nyuzi 45, ukatoka vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari. Kimoja kakifunga ukutani kwa skrubu nne, ukingo wake unaangalia juu na mshazari umeelekea ukutani. Kingine kiko nyuma ya stendi kimegeuzwa, kinaangalia chini. Ukiinua stendi na kuishusha, vile viwili vinaumana, na kadri unavyoweka mzigo ndivo vinavyozidi kubana kwenye ukuta. Matundu manne, hakuna la tano. Siku nikihama nainua stendi naondoka nayo, naziba matundu manne kwa saruji nyeupe. Binti yangu mkubwa anaitoa mwenyewe na mwenzie wakitaka kufagia nyuma yake.

Ukuta wetu ni wa bloku na lipu yake ina mchanga mwingi, ukichoma na drili inamwagika kama sukari. Alitumia drili ya kugonga, ncha ya milimita 8, akapita lipu akaingia kwenye tofali lenyewe, akapuliza vumbi kwa mrija wa soda, ndo akaweka plagi za plastiki na skrubu za inchi tatu. Akasema plagi ikiishia kwenye lipu hata miwani yako itaidondosha. Pimamaji alilitumia mara tatu, maana dari yetu haiko sawa na ukifuata dari kwa macho stendi inapinda. Alipomaliza alijining'iniza yeye mwenyewe kwa mikono miwili, mtu mzima, nikashika moyo. Haikutoa hata mlio.

Sasa yaliyoniudhi, na niliyamwambia uso kwa uso kwa hiyo sio kwamba namsema pembeni. La kwanza siku. Alisema siku tano, zikawa kumi na nne. Kila nikipiga simu ni kesho mama, kesho mayu, na wakati huo mipira yangu yote na bibu viko kwake, mabinti wamefanya mazoezi wiki nzima na mpira mmoja wa kuazima. Nilikuja kujua kwamba alipata kazi ya milango ya nyumba nzima akaniweka pembeni. Naelewa njaa, ila angeniambia siku ya tatu ningefuata mipira yangu ningesubiri hata mwezi kwa amani. Ushauri wangu, peleka vifaa apime, kaa hapo hapo, rudi navyo siku hio hio.

La pili vanishi. Ilikuwa katikati ya masika, hewa nzito, na kwa kuwa alishachelewa akapiga mkono wa mwisho jioni, mnene, kesho yake asubuhi kaileta kwenye bajaji. Kwa kuigusa ilionekana imekauka. Tukapanga mipira, tukapiga picha, tukafurahi. Baada ya siku mbili nataka kutoa mpira, umeng'ang'ania. Nauvuta unatoka na sauti ya plasta, na mistari miwili ya njano imebaki kwenye mpira mpya ambao hatujacheza nao hata mechi moja. Mipira mitatu ilipata hio mistari na mpaka leo haijatoka. Nilimpigia kwa hasira kweli. Alikuja siku hio hio jioni, akaangalia, akasema kosa langu mama, vanishi sikuipa muda. Akaitoa pale kwenye mshazari, akaondoka nayo, akakwangua kwa msasa wa 240, akapiga upya mkono mmoja mwembamba aliouchanganya na thina, akakaa nayo siku nne ndani sehemu yenye upepo. Hakudai hela na bajaji alilipa mwenyewe kwenda na kurudi. Tangu hapo haijashika tena. Ningekuwa naanza upya ningemwambia sehemu ya mipira aishie kwenye sandi sila tu, ile inayopakwa kabla ya vanishi, na vanishi aweke kwenye ubao wa nyuma, na kama ni masika, wiki nzima isiguswe na kitu.

Hela ilitoka hivi: mbao elfu 32, mipini elfu 6, skrubu na plagi elfu 7, gundi, msasa, sila na vanishi elfu 20, ufundi pamoja na kuja kufunga elfu 45. Jumla laki moja na elfu kumi. Bajaji ya kuleta ilikuwa elfu 8 juu yangu. Alinionyesha risiti za vitu, na kilichobaki cha vanishi alinipa kwenye chupa. Kuna watu wataona ni ghali kwa stendi ya mipira. Mi nilihesabu elfu 35 ya yule wa kwanza, nyavu, njumu iliyoachia, bibu tulizotupa, nikaona ningekuwa nimemlipa huyu tangu zamani.

Miezi minne sasa. Vijiti havijalegea hata kimoja, ubao wa nyuma una mpasuko mdogo kama unywele kwenye jicho moja ila hauongezeki, niliuwekea alama ya kalamu aprili na uko pale pale. Panya wamekosa cha kutafuna. Jezi zinakauka kwa sababu kuna upepo nyuma na chini yake. Na mabinti, hii ndo inanigusa zaidi, mazoezi yakiisha wanaingia wenyewe wanaweka, hakuna wa kuwaambia, kila mtu anapeleka bibu yake kwenye herufi yake. C wetu ana miaka tisa, akiweka yake anaigonga gonga kidogo iachie mikunjo.

Kwa kazi ya mikono nampa kumi. Kwa muda na mawasiliano nampa tano. Ukinilazimisha namba moja nampa nane kwa kumi, na nimeshampelekea wateja wawili, mmoja wa raketi za badminton na mwingine ana duka la jezi anataka ya ukuta mzima.

Kitu kimoja kilichobaki ni urefu. Tulifunga vijiti vya bibu usawa wa kifua changu mi, sikuwaza kwamba watakaotundika ni wafupi, yule C alikuwa anasimama kwenye ndoo. Kushusha stendi yote kungemaanisha matundu mengine manne na nilishamuahidi mwenye nyumba. Jumapili iliyopita fundi alipita anatoka kanisani, kavaa shati lake jeupe, akaangalia, akaomba penseli. Anatengeneza ubao wa pili wa vijiti saba, utaning'inia chini ya huu wa juu kwa kamba mbili za manila, sentimita 40 chini, bila kugusa ukuta. Kasema jumamosi. Nimemwambia bibu zinabaki kwangu.